Vipande Kumi, Si Kumi na Viwili

4 Juni

Nimejiunga na kituo cha nyota na tayari najuta. Kituo chenyewe ni chumba cha mviringo juu ya paa la chuo, na kinanuka mavi ya popo na mafuta ya nywele. Harufu ya pili inatoka kwenye lenzi ya jicho, ile unayosogezea uso ili utazame ndani ya darubini. Kila anayetazama anaacha jasho na kope zake pale, na hakuna anayepangusa. Nimepangusa mimi. Kitambaa kilitoka cheusi.

Mkuu wa kituo ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Anajiita Profesa, na watu wamemkubalia kwa sababu ni rahisi kuliko kubishana naye. Yupo mfamasia, mtu mpole ambaye hajawahi kukataa kitu chochote. Yupo mtangazaji mstaafu wa redio tunayemwita Kipaza, anayezungumza kana kwamba sote tuko ng'ambo ya mto. Na yupo mdogo wangu, mchora ramani katika ofisi ya ardhi. Yeye ndiye aliyenibembeleza nije.

"Dada, mwaka mzima unagombana na watu magazetini. Njoo utazame kitu kisichojibu."

Kazi ya msimu huu ni kundi moja la nyota tatu. Kwa macho matupu ni nukta moja. Kwa darubini inatoka nyota kubwa ya manjano, mwenzake karibu yake, na ya tatu pembeni, hafifu. Tunapima nafasi inayoonekana kati yao kutoka hapa tulipo. Umbali wa kweli ni jambo lingine, maana kwa kutazama tu hujui nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Kipimo ni sekunde za pembe: chukua digrii moja, ikate mara sitini, kisha kipande kimoja ukikate tena mara sitini. Ndani ya lenzi imechorwa rula ndogo yenye vipande hamsini. Kadi iliyobandikwa ukutani inasema kila kipande ni sekunde tano. Unahesabu vipande, unazidisha kwa tano, umemaliza.

Kabla hatujatazama, Profesa alisimama akasoma kwa sauti kutoka kitabu kikuu cha nyota. "Ya kwanza hadi ya pili, ishirini. Ya kwanza hadi ya tatu, sitini. Haya, sasa tunajua tunatafuta nini."

Mfamasia akapata vipande vinne hadi ya pili, na kumi na viwili hadi ya tatu. Kipaza vilevile. Mimi vilevile: ishirini na sitini. "Sawa na kitabu!" wakapiga makofi, nami nikafurahi kama mtoto aliyepewa pipi. Mdogo wangu, ambaye mpaka msimu huu alikuwa mwandishi tu, na aliyekuwa ameketi kando akiandika namba zetu, akatazama mwisho. Akapata vitatu na kumi.

"Bi Ramani," Kipaza akanguruma, "hizo nyota ulizotazama wewe ni za nani?"

Tulicheka wote. Mimi pia.

9 Juni

Mawingu.

13 Juni

Tumepima tena. Sote tumepata vinne na kumi na viwili. Mdogo wangu vitatu na kumi. Profesa alichukua kalamu nyekundu akakata namba za mkewe mbele ya watu. Hiyo ndiyo desturi ya kituo: kipimo kilicho mbali na kitabu hakiingii katika hesabu. "Si vibaya, mama," alimwambia. "Macho nayo huchoka." Akampapasa bega.

Sikupenda ile kalamu. Bega nalo sikulipenda.

22 Juni

Mdogo wangu amevaa miwani mipya, minene kama vitako vya chupa. Mumewe alimpeleka kwa muuza miwani wa mtaani kwake. Ndani ya miwani ile macho yake yanaonekana madogo sana, kama ya mtu mwingine anayechungulia kutoka nyumba ya jirani.

"Unaona vizuri?"

"Naumwa kichwa, dada. Wanasema nitazoea."

26 Juni

Vitatu na kumi, kwa miwani. Kalamu nyekundu.

3 Julai

Leo nimekereka mpaka nikashindwa kula. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimewahi kumtoa mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani kwa kuwa alikuja na majibu kwenye kiganja. Baba yake alikuja shuleni kunitukana, nikamjibu kwa makala ya gazeti iliyomkaa kooni mwaka mzima. Sasa naketi kila wiki katika chumba ambacho mkuu wake anasoma majibu kwa sauti kabla ya mtihani, na watu wazima wanashangilia kwamba wamefaulu.

Nilimwambia. "Profesa, acha kusoma kitabu kabla hatujapima."

"Shemeji, mtu asiyejua anachotafuta atakipataje?"

"Anayejua tayari anatafuta nini?"

Mfamasia akasema sote tuna hoja nzuri. Yule mtu akiulizwa kama anataka kufa au kuishi atasema vyote vina faida zake.

11 Julai

Mdogo wangu ameacha kuendesha gari. Ameniambia kwenye simu, kwa sauti nyepesi, kama anayeniambia ameacha sukari.

17 Julai

Vumbi. Hakuna nyota.

24 Julai

Nimejaribu kupima upya lile kundi letu kwa haki, na nimeshindwa. Nikisogeza uso kwenye lenzi, kumi na mbili inakuwa imenitangulia. Nyota hazitulii, zinatetemeka kama taa ndani ya maji, na ukingo wake unaweza kuuweka popote roho inapopenda. Siwezi kusahau namba niliyokwisha kusikia.

Basi nikamwomba mdogo wangu achague jozi nyingine kitabuni, moja ambayo sijawahi kusikia habari zake, anielekeze ilipo na afunge mdomo. Nikahesabu vipande kumi na vitano. Sabini na tano. Nikamwita atazame naye.

"Mimi wa nini, dada?"

"Tazama."

"Kumi na vitano."

Tukafungua kitabu. Tisini.

Kipaza alikuwa nyuma yetu. "Ahaa! Kumbe ni macho ya ukoo!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi niligeuka nimjibu, nikiwa na la kumwambia, na lilikuwa tamu. Lakini mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, juu ya yale mavi ya popo, na nguo yake ya kazini. "Basi na wewe, dada," alisema. "Na wewe pia. Kama mama."

Mama yetu alikufa kipofu. Alianza hivihivi, kwa kukosea vitu vidogo: tundu la sindano, ngazi ya mwisho, sura ya mtu mlangoni. Mdogo wangu ndiye aliyemshika mkono miaka yote ile. Mimi nilikuwa mbali nikisoma. Kumbe tangu Juni, kila kalamu nyekundu ilipopita juu ya namba zake, yeye alikuwa anamwona mama. Sote chumbani tulijua habari za mama, mumewe kuliko wote. Na sote tulicheka.

28 Julai

Nimekwenda hospitali, kwa daktari wa macho hasa, si muuza miwani. Amenimulika, amenisomesha herufi, amenitia matone yaliyonifanya niutazame mji mzima kama kupitia uji. Macho yangu ni mazima. Nahitaji miwani ya kusomea, basi, kama kila mtu wa umri wangu.

Nilimwomba mdogo wangu naye aende. Amekataa. "Nikienda nitaambiwa. Acha kwanza niambiwe baadaye."

5 Agosti

Ameomba ofisini kwake atolewe kwenye meza ya kuchorea. Kuanzia mwisho wa Septemba atakaa mapokezi, aandike majina ya wageni. Meza ile iko dirishani. Hapo amechora mipaka ya nusu ya nchi hii, mito, njia, na viwanja vya watu waliokuwa tayari kuuana kwa upana wa kalamu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kumwambia mstari wake umepinda. Na anaiacha kwa sababu ya watu wanne juu ya paa.

Profesa anasema anajivunia uamuzi wa mkewe. Alisema hivyo akitafuna njugu.

12 Agosti

Mawingu. Afadhali. Sikutaka kuziona sura zao.

19 Agosti

Kuna jambo limekuwa likinisumbua. Mimi na mdogo wangu tulikosea kwa kiasi kilekile. Yeye, kwa nyota ya tatu, alipata hamsini mahali pa sitini. Sote wawili tulipata sabini na tano mahali pa tisini. Gawanya: tano kwa sita, kote. Macho yanayokufa hayakosei kwa uwiano safi namna hiyo. Kinachokosea hivyo ni rula.

Leo nimewahi kituoni mara tu giza lilipoingia, kabla ya wengine. Darubini ina mota inayoizungusha ili ifuatane na anga. Ukiizima, nyota inateleza yenyewe mbele ya lenzi, kwa kuwa dunia inageuka, na mwendo huo haubishaniwi: nyota iliyo juu ya ikweta ya anga hutembea sekunde kumi na tano za pembe kwa kila sekunde ya saa. Ni njia ya zamani ya kuipima rula yenyewe, na kila kituo chenye adabu huifanya msimu unapoanza. Hapa hakuna aliyewahi kunitajia.

Nilichagua nyota iliyo juu ya ikweta hiyo, nikazima mota, nikashika saa. Ilitembea kutoka mwanzo wa rula hadi mwisho kwa sekunde ishirini. Nikarudia. Ishirini. Nikarudia mpaka shingo ikaniuma. Ishirini. Zidisha kwa kumi na tano: mia tatu. Gawanya kwa vipande hamsini: sita.

Kila kipande ni sekunde sita. Kadi ya ukutani inasema tano. Kadi ni ya uongo, au iliandikwa kwa lenzi nyingine.

Nikakaa kwenye kiti nikaifuata hesabu mpaka mwisho wake. Kwa rula hii, nyota ya tatu, iliyo umbali wa sekunde sitini, inakaa kwenye vipande kumi. Kumi tu. Mtu yeyote aliyeona kumi na viwili hakuona. Alizidisha kichwani, akaona kinachohitajika ili jibu liwe sitini, akalitangaza. Msimu mzima, watu hawa wamekuwa wakipata jibu sahihi kwa kusema uongo, na mtu mmoja tu amekuwa akikosea kwa kusema kweli.

Kisha ile ya pili. Mdogo wangu aliona vitatu. Mara sita, kumi na nane. Kitabu kinasema ishirini, na kipimo cha kitabu ni cha kabla hatujazaliwa. Nyota ya pili imesogea. Hilo ndilo jambo pekee ambalo anga imelifanya mbele yetu muda huu wote, na kituo kizima kililitazama usoni kikasema vinne.

21 Agosti

Nimekwenda kwa Profesa nyumbani kwake, saa ambayo mdogo wangu yuko kazini.

"Karibu shemeji, chai?"

"Lenzi ya zamani iko wapi?"

Alikoroga chai yake. "Lenzi gani?"

"Ile ya sekunde tano."

Akaweka kijiko mezani, polepole. "Nani mwingine anajua?"

Hakuniuliza nasema nini. Aliniuliza nani mwingine anajua. Sikuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

Akaeleza, akiwa amegeukia dirisha. Lenzi ya zamani ilimponyoka ngazini msimu wa mwaka juzi, ikavunjika. Ilikuwa zawadi ya waanzilishi wa kituo, akaona aibu. Akanunua nyingine kimyakimya. Boksi lake lilikuwa limeandikwa sekunde sita. Alikusudia kubadilisha kadi, akasahau. Alipokumbuka, ripoti ilikuwa imekwisha kwenda ng'ambo kwa jina lake.

"Na vipimo vilikuwa vinatoka sawa na kitabu, shemeji. Nikaona haina madhara."

"Vilitokaje sawa, kwa kadi ya uongo?"

Akafuta kioo cha dirisha kwa kidole.

"Na mkeo? Alipokwambia ameona kumi, ulijua kuwa ni kumi."

"Ningefanyaje? Kukubali kumi ni kueleza lenzi. Kueleza lenzi ni kuifuta ripoti. Ningemwambia msimu ukiisha."

"Ameacha gari. Anaiacha meza yake. Anadhani anapofuka kama mama!"

"Miwani haijawahi kumuumiza mtu," alisema. "Na ile kazi ilikuwa inamchosha hata hivyo."

Nimesoma vitabu vingi vya watu wabaya. Wengi wao wanaua, wanachoma miji, wana macho makali. Hakuna aliyeniandaa kwa mtu aliyevaa kandambili, mwenye makombo ya biskuti kidevuni, aliyempokonya mkewe macho ili asiulizwe habari ya lenzi iliyovunjika. Sikuinywa chai. Nilipotoka nilinawa mikono kwenye bomba la uani, na sikuwa nimegusa kitu.

22 Agosti

Nimemwambia. Alikuwa anapiga pasi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, pasi ikiwa imesimama wima pembeni. Kisha akachomoa waya ukutani.

"Alinishika mkono, dada. Kwenda kununua miwani. Alinishika hivi, kwenye kiwiko, kama nilivyokuwa namshika mama." Akavua ile miwani, akaitia mfukoni. "Leo kuna mawingu?"

"Hakuna."

"Twende."

Alipanda ngazi za paa bila kushika ukuta. Profesa na wenziwe walikuwa hawajafika. Akazima mota, akaipima rula mwenyewe. Hakutaka kuamini kwa neno langu tu, na alifanya vizuri. Ishirini. Kisha akairudisha darubini kwenye zile nyota tatu, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Kumi," alisema. "Na vitatu." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayewaita watoto wake kwa majina.

Usiku huo alikuja kulala kwangu, na begi.

3 Septemba

Joto. Mdogo wangu anaosha vyombo vyangu usiku na kuniambia vilivyobaki na mafuta. Ameendesha gari langu hadi sokoni na kurudi, akanikosoa juu ya vioo vya pembeni.

9 Septemba

Mkubwa wake ofisini amemwambia ni vigumu kumrudishia meza, fundi mwingine amekwisha kuahidiwa. Akamjibu kwamba amwite huyo fundi, wapewe kiwanja kimoja wakichore wote wawili, kisha atumwe mpima ardhi akaulize vigingi vya mpaka vyenyewe. Mkubwa ameomba apewe muda afikiri.

16 Septemba

Mkutano wa kufunga msimu. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa nne, ya kuwachoma wote wakabaki majivu. Profesa alisimama kwanza. Alijua kwamba tunajua. Akasema ripoti itachelewa kidogo "kutokana na hitilafu ndogo ya kifaa."

Mdogo wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Kifaa kipi, Profesa? Kile ulichokuwa ukikiita macho yangu?"

Hotuba yangu ikabaki mkobani.

Akaeleza mambo kwa maneno machache, bila kupaza sauti: lenzi, kadi, sita badala ya tano. Akawaalika watazame wenyewe, vipande kumi. Mfamasia alitazama, akarudi akijifuta jasho.

"Mimi mara nyingi nilikuwa naona kama kumi hivi," alisema. "Nikasema kumi na viwili ili tusichelewe kuondoka."

Kipaza alikaa kwenye lenzi kuliko wote. Alipoinuka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizungumza kwa sauti ya chini. "Basi mimi niliona nini?"

Profesa alikuwa anakusanya karatasi zake, akizipanga na kuzipangua, akisubiri mkewe amwambie twende nyumbani. Mkewe alikuwa anapangusa lenzi.

20 Septemba

Meza imerudi. Yule fundi mwingine alipoambiwa habari ya vigingi, alijiondoa mwenyewe. Mapokezi watatafuta mtu.

Ripoti inaandikwa upya, na namba zitakazokwenda ni zile zilizokatwa kwa wino mwekundu, zikizidishwa kwa sita. Profesa amekubali. Amekubali kwa namna ile ya mtu anayekufanyia hisani, na bado anamtumia mkewe salamu kupitia kwangu, kana kwamba mimi ni kibao cha matangazo. Sizifikishi.

25 Septemba

Mvua ya kwanza. Paa la kituo limefungwa, msimu umekwisha.

Tulikuwa barazani, maji yakipiga mabati, mimi nikimsomea makala ninayoipeleka gazetini. Nimeipa makali yote niliyo nayo: juu ya watu wanaokubali kitabu badala ya macho yao, juu ya makofi, juu ya ulimwengu uliojaa vichwa vinavyoona kumi na viwili mahali pa kumi. Naona ni makala nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Yeye alikuwa anachora, penseli mkononi, bila miwani.

"Nzuri," alisema. "Dada, ile siku ya kwanza uliyokuja, wewe uliona ngapi?"

Nikageuza ukurasa.

"Nilikuwa nimekaa pale, ndimi niliyekuwa naandika," akasema. "Nilitaka tu kusikia kwako."

"Kumi na viwili."

"Na vinne."

"Na vinne."

"Uliviona, au ulivisikia?"

Nilitafuta jibu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu mbele ya mtu yeyote, nilitafuta kwenye lami iliyolowa, kwenye mabati, kwenye karatasi zangu. Nilikumbuka ile furaha ya makofi. Nilikumbuka vizuri kabisa kwamba nilikuwa nimeiona nyota ya tatu ikikaa kwenye mstari wa kumi na mbili, ikimetameta, wazi kama taa ya mlangoni. Mpaka sasa nikifumba macho naiona pale.

Mdogo wangu aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile miwani minene, akaipuliza, akaipangusa kwa pindo la nguo yake, akaiweka juu ya makala yangu.

"Vaa wewe," akasema, akarudi kwenye mstari wake.